Ami, hawa nyuti wa mama wa Kitaliano watanipotezea kazi

Ami shikamoo, natumai u mzima huko Lamu na wa nyumbani hawajambo. Mimi ni kijana wa hapa Malindi, naangalia nyumba ya mama mmoja wa Kitaliano huku upande wa Casuarina, kazi yangu ni kufagia, kumwagilia bustani, kumfungulia fundi wa pool na kulala hapo usiku, na kusema ukweli huyo mama hana maneno, mshahara waingia tarehe yake hata akiwa kwao. Lakini kuna jambo moja saa hii lanikosesha usingizi.

Sebuleni kuna tangi la kioo la samaki, kubwa, lita mia moja na kitu, ila samaki hamna. Ndani kuna majani ya majini mengi, mawe, kigogo, na kuna wanyama awaita nyuti. Ami kama hujawaona, umbo lao ni la mjusi kafiri lakini hawana magamba, ngozi yateleza, mkia umebapa, mgongo mweusi na tumbo rangi ya chungwa lenye madoa meusi. Wadogo tu, kidole cha kati na kidogo zaidi. Alikuja nao mwenyewe kwenye kulaboksi, awapenda kuliko maelezo.

Walikuwa wanne. Msimu ulipoisha mama akaenda zake, kurudi ni Agosti, akaniachia maneno mawili matatu, AC ya sebule isizimwe, chakula kidogo kidogo, maji yasipungue, na pesa za tokeni za stima juu. Sasa hizo tokeni ziliisha mwezi haujafika katikati, nikaona haya kumwambia, nikaanza kutoa mfukoni, alafu mfuko nao ukakataa, nikawa nawasha AC usiku peke yake mchana nazima, manake nilijiambia si wako kwenye maji, na maji si ya baridi yenyewe? Na juzi stima ilipotea kutoka asubuhi mpaka usiku wa manane. Ile taa ya tangi lakini naiacha kutwa kucha, usiku ili wezi waone kuna mtu.

Bas mmoja nikamkuta chini ya kochi amekauka kama ng'onda. Hawa watatu waliobaki hawataki kukaa majini, wapanda kigogo, wajibandika kwenye kioo huko juu, chakula hawagusi. Mmoja ana utando mweupe mguuni. Mwingine ngozi yambambuka na nimemuona kwa macho yangu aivuta kwa mdomo aila! Majani nayo yaingia rangi ya kahawia. Maji yakipungua naongeza ya kisima, na chakula alichoacha kilipoisha nikawa nasaga dagaa nawanyunyizia.

Mpishi wa nyumba ya pili aniambia hao si viumbe wa heri, niwachukue niwamwage mto Sabaki nimwambie mama wamekufa, ndio mambo yaishe. Na mke wangu alikuja na mtoto wetu wa miaka mitatu, nikageuka kidogo tu, mtoto kashaingiza mkono kashika mmoja na vidole viko mdomoni. Hakuumwa, alhamdulillah, lakini mke wangu ameapa hakanyagi tena hapa.

Nifanyeje Ami? Nimwambie mama au ningoje arudi? Nikiwatia mtoni nitakuwa nimekosa? Na kwa joto hili kweli watapona?

Mlinzi, Malindi

*

Marahaba mwanangu. Sisi hatujambo, ni joto tu, na wewe walijua joto la huku pwani kabla masika hayajashika sawasawa.

Ntaanza na mtoto kabla ya tangi. Kwa ulivyowaeleza, mgongo mweusi tumbo la chungwa, hao ni nyuti wa jamii ya Cynops, wadogo hivyo huenda wakawa wa China, Cynops orientalis, japo Japani nako wako ndugu zao wakubwa kidogo. Ngozi zao zina sumu, na sumu yenyewe waijua, ni ile ile ya bunju. Ndiyo, bunju huyu ambaye mvuvi wa Malindi akimpata kwenye wavu amtupa na hampi hata paka. Kiasi alichonacho nyuti wako hakimuui mtu kwa kumgusa tu, na kwa kuwa siku zimepita na mtoto acheza, hilo limeisha, mwambie mama yake atulie. Lakini nyuti asimezwe, asilambwe, na anayetia mkono kwenye tangi aoshe kwa sabuni kabla hajagusa jicho au mdomo, na mwenye kidonda asitie mkono kabisa. Ikitokea tena mtoto akasema midomo yafa ganzi au akaanza kutapika, hapo hospitali mbio na uwaambie madaktari ni sumu ya namna ya bunju, manake dawa ya kuivunja hakuna, wanachofanya ni kumsaidia mtu apumue mpaka imtoke. Mkeo ana haki ya kukasirika. Mfunikie hilo tangi kisha ndio umbembeleze.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe, na ugonjwa ni joto. Hayo mengine yote uliyoniandikia, kukataa kula, kupanda kioo, utando, yametoka hapo au yamezidishwa na hapo. Hawa ni wanyama wa maji baridi, wataka digrii 16 mpaka 20, ikifika 24 wanaanza kutaabika, na zikikaa siku kadhaa juu ya hapo wanaacha kula, wanashikwa na maradhi, wanakufa. Maji yaliyokaa ndani ya nyumba Malindi mwezi huu bila AC yatakuwa kwenye 29 au 30. Uliuliza maji si ya baridi yenyewe, hapana, maji yanafuata chumba, yanachelewa tu. Kwa hiyo ulipokuwa ukiwasha usiku na kuzima mchana ulikuwa wawapandisha na kuwashusha kila siku, na kule kupanda na kushuka nako kunawachosha. Alafu maji ya moto hayashiki hewa, kwenye digrii 20 lita moja hubeba miligramu 9 hivi za oksijeni, kwenye 30 zabaki saba na nusu, na mnyama huyu ana mapafu lakini pia apumua kwa ngozi, ndio maana wamekimbilia juu. Yule wa chini ya kochi hakuwa mtundu, alikuwa atafuta pa kutokea. Nyuti akilowa apanda kioo kilichosimama wima bila taabu, na mwanya wa waya wa filta wamtosha. Funika kwa wavu wa dirisha, ule wa mbu, ubane kwa vibanio vya nguo pande zote.

Ngozi kubambuka usiogope, ndivyo walivyo, wajivua na kuila, huo ni mlo wake halali. Utando mweupe ndio kuvu.

Bas leo hii fanya hivi. Zima taa ya tangi. Taa yatia joto na yalisha mwani wa kijani, majani yahitaji mwanga wa masaa 6 mpaka 8 kwa siku yakapumzika, na kama ni wezi wawashie taa ya baraza. Kama tangi lapigwa na jua la dirishani funga pazia. AC iweke 20 na mlango wa sebule ufungwe, usipoeze nyumba nzima, ukiweza hama nao chumba kidogo chenye ukuta mnene, lakini tangi la lita mia ni zaidi ya kilo mia, usilibebe na maji yake, litapasuka na utaumia mgongo bure. Afadhali uwahamishe wao tu kwenye beseni pana la plastiki lililosafishwa bila sabuni, maji ya kina cha kiganja, uwakatie sehemu ya majani ambayo bado ni ya kijani utie, na kigae cha kujifichia. Beseni moja kwenye chumba kidogo lapoa haraka kuliko tangi sebuleni na tokeni zako zitakwenda mbali. Huyo mwenye kuvu mtenge peke yake kwenye chombo chake, maji masafi ya baridi, ubadilishe kila siku, na usije ukamtilia dawa za samaki za dukani, nyingi zina shaba na vitu vingine ambavyo ngozi yake yavinywa vyote.

Panka wengine watakushauri, ipulize juu ya maji yapoe. Yasaidia kidogo, kule bara yasaidia sana, lakini pwani hewa yetu imejaa unyevu tayari na maji hayavukizi kwa kasi, ukipata digrii mbili ushukuru. Stima ikipotea ndio utumie chupa, jaza chupa ndogo za nusu lita maji, zigandishe kwenye friji uwe nazo kila siku, na stima ikienda elea moja, ikiyeyuka weka nyengine, usitie barafu tupu ndani wala usitie chupa nne kwa pamoja ukawashtua. Nunua kipimajoto cha tangi, ni pesa kidogo. Bila hicho wafanya kazi kwa kubahatisha.

Maji ya kisima acha kabisa. Visima vyenu kama vyetu vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, maji ni magumu na mengi yana chumvi, sisi tunaoga nayo kwa kuwa hatuna njia, lakini kiumbe anayekunywa kwa ngozi hayamfai. Na jua hili, maji yanapovukizwa chumvi haiondoki, yabaki ndani ya tangi, wewe waongeza tena yenye chumvi, kila wiki yazidi. Tumia ya mfereji yanayotoka Baricho, yaache kwenye ndoo wazi siku nzima na usiku wake, pampu ya hewa ikiwa yabubujika ndani ni bora, klorini, ile dawa ya maji, itoke, na kama duka la samaki lina ile dawa ya kuondoa klorini chukua hiyo badala ya kungoja. Mvua zikianza vizuri, maji ya mvua ni mazuri sana kuchanganya, acha tu mvua ya kwanza ioshe paa.

Na dagaa, mwanangu. Dagaa wa kusaga ana chumvi, na asipoliwa aoza, akioza atoa amonia, nayo ni sumu, na kwenye maji ya moto amonia ni kali zaidi. Ongeza hapo kwamba stima ilipotea kutwa na filta ikasimama, wale bakteria wanaokaa kwenye sponji kazi yao ndio kula hiyo amonia, filta ikisimama saa nyingi wanakosa hewa wanakufa. Kwa hiyo hata ukiwa umewahamisha, tangi lenyewe litengeneze, toa robo ya maji leo na robo kesho, nyonya uchafu wa chini kwa mpira, kata majani yaliyooza uyatoe yote, sponji isuuze ndani ya maji uliyoyatoa tangini, usiioshe kwa maji ya mfereji utawamaliza waliobaki. Hayo majani si pambo tu unajua. Nyuti jike hutaga yai moja moja, akikunja jani kulifunika kila yai, na mchana hujificha humo. Ile mosi, yale majani laini kama zulia, na yale yenye jani gumu yakipoa yatachipua tena, usiyang'oe mizizi.

Chakula cha bure unacho hapo bustanini. Nyungunyungu, hao hao wa kuvulia samaki, chimba mahali ambapo hapajapigwa dawa, suuza, katakata vipande vidogo, mpe mmoja mmoja kwa kibanio mbele ya pua manake macho yao ni dhaifu lakini chenye kutikisika wakiona. Mara mbili tatu kwa wiki yatosha. Na viluwiluwi vya mbu, weka ndoo ya maji kivulini utavipata chungu nzima, vichuje kwa kitambaa, ila usivisahau vikageuka mbu, utalaaniwa na mtaa mzima. Kwanza wapoe lakini. Kabla ya maji kushuka hawatakula na ukilazimisha utachafua maji tu.

Kuhusu Sabaki. Ukimwaga umekosa, na mpishi wa watu aendelee na biriani yake. Afrika yote kusini ya Sahara haina nyuti wala salamanda wa asili hata mmoja, wako Moroko, Aljeria na Tunisia tu huko juu. Hao wako wakitiwa mtoni watakufa kwa joto kabla ya Ijumaa, lakini walichobeba chaweza kubaki. Kuna kuvu wa ngozi wanaoua amfibia, yaani vyura na jamii zao, mmoja umeshamaliza vyura nchi nyingi, mwingine ukagunduliwa mwaka 2013 baada ya salamanda wa Uholanzi kuanza kupukutika, na watafiti wakaufuatilia mpaka Asia, ulisafiri na wanyama wa kufuga hawa hawa. Marekani ilipofika 2016 ikazuia kuingiza aina 201 za salamanda kwa hofu hiyo. Sisemi wako wanao. Lakini msitu wa Arabuko Sokoke uko hapo karibu, na vidimbwi vyake vikijaa mvua vyura huwa ni wengi ajabu, wale maradhi hayo yakiwafikia hawana pa kukimbilia. Hata maji ya tangi usimwage mtaroni, mwaga kwenye mchanga mkavu unaopigwa jua, mbali na kisima, na majani uliyokata yaanike yakauke. Gugumaji lililofunga Ziwa Victoria lililetwa bara hili kama ua zuri la bwawani.

Umeniuliza kama watapona. Wakipozwa leo, pengine. Lakini kuishi Malindi mwaka mzima ni kuishi kwa tokeni, kila stima ikipotea ni roho mkononi, na ntasema wazi hata akisoma huyo mama, kumleta mnyama wa digrii 18 kwenye nyumba ya digrii 30 kisha ukaenda zako miezi minne ukamwachia kijana ambaye hajafundishwa, hilo ni kosa la mwenye mnyama wala si lako. Angalia wazee wetu. Nyumba za zamani za Lamu chooni kuna birika la maji la kujengwa, na ndani yake walifuga samaki wadogo, kazi yao kula viluwiluwi vya mbu, na chini ya birika wakazika bakuli la kaure la Kichina ili maji yakipungua samaki wabaki na pa kukaa. Ukija Lamu nenda ile nyumba ya makumbusho ya Waswahili ukaone. Hawakutafuta samaki wa nchi ya theluji, walichukua anayeyaweza maji ya hapa. Tangi la mama likibaki tupu, hayo majani yake yakitunzwa yatapendeza vile vile na samaki wa maji ya moto, na AC itapumzika.

Nyuti waende bara. Limuru huko watu walala na blanketi mbili, maji ya chumbani yapoa yenyewe. Lakini kumtafuta wa kuwachukua ni kazi ya mama, si yako, na kabla ya safari yoyote aseme kama ana kibali cha kuwaingiza nchini, manake mnyama wa kigeni haingii Kenya hivi hivi, na ofisi ya KWS, wale wa wanyamapori, iko hapo hapo Casuarina kwenye Marine Park, akaulize yeye au mtu wake. Wewe usibebe mzigo usio na karatasi ukakamatwa nao njiani. Akishapatikana mtu na karatasi ziko sawa, kila nyuti kopo lake lenye kifuniko kilichotobolewa, ndani mosi iliyolowa, maji hayahitajiki kujaa, makopo ndani ya kulaboksi na chupa ya barafu iliyozungushiwa taulo, na safari iwe ya usiku.

Mwandikie leo, usingoje Agosti. Kusema kweli wewe huogopi nyuti, wewe waogopa ule ujumbe wa kwanza. Kitaliano chenu watu wa Malindi kinashinda changu, kwa hiyo mwambie kwa lugha ya kwao: mmoja amekufa, watatu wagonjwa, sababu ni joto, tokeni ulizoacha ziliisha mapema nikaogopa kukwambia nikawa nazima AC mchana, sasa nimewahamisha kwenye beseni, maji yako digrii kadhaa, nahitaji pesa za stima mpaka tupate mtu wa kuwachukua bara, na hii ni picha ya kila mmoja. Usiongeze hadithi. Usiseme wa kwanza alikufa kwa uzee. Mtu anayewapenda wanyama wake atakasirika kusikia, lakini ukimwandikia sasa bado ana nafasi ya kuwaokoa, na akija Agosti akakuta tangi tupu na maelezo ya kupanga hapo ndipo kazi itakwenda.

Risiti za tokeni ulizotoa mfukoni mwako ziko kwenye M-Pesa, zipige picha zote, hata zile za shilingi mia, uzitume kwenye ujumbe huo huo.